Mkono wa Kuongeza

Mpaka leo nikipita sokoni Jabe hasira inanipanda upya, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nafundisha uchoraji kwa majaribio katika shule moja ya msingi. Mkuu wa shule alisikia kwamba kuna akili bandia inayochora. Siku ya wazazi ilipokaribia, akaniita.

"Madamu, we ni kijana, una simu nzuri. Michoro ya watoto ipige picha, mashine iitengeneze. Wazazi waone tumeendelea."

Nilipaswa kukataa. Badala yake nikaanza kuwaza: nikikataa ataniona mjuaji, akiniona mjuaji hatanipa kazi, nikikubali, watoto watasemaje? Nilipomaliza kuwaza nilikuwa nimeshaitikia.

Msichana mmoja wa darasa la tano alikuwa amemchora mama yake, anayeuza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani vilivyokaushwa. Alitumia kalamu ya bluu kwenye karatasi ya daftari. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa mkubwa kuliko kichwa. Nilipouliza sababu, alinitazama kana kwamba sijawahi kutumwa sokoni.

"Madamu, si ni mukono wa kuongeza?"

Kila mtu hapa anaujua. Muuzaji akishapima sahani, mteja haondoki; anangoja ile konzi ya juu, ya bure. Mama huyu alisifika soko zima kwa konzi yake.

Mashine haikujua. Ilinirudishia mwanamke mwembamba mwenye meno meupe, vijikono vimekunjwa kifuani, mbele yake samaki wakubwa juu ya barafu. Barafu, Jabe! Nami nikaichapisha kwa rangi, nikaibandika ukutani, jina la mtoto chini yake.

"Mi sijui huyu mutu," msichana akaniambia. "Ulisema nichore mama. Nilimuchora."

Mchoro wake niliuficha ndani ya daftari la mahudhurio, nikausikia humo kila asubuhi nilipoita majina.

Siku ya wazazi mama alikuja moja kwa moja kutoka sokoni. Alipita mbele ya picha ile mara mbili.

"Ya mutoto wangu iko wapi? Aliniambia amenichora."

"Si wewe huyu, mama!" mkuu wa shule akacheka. "Mashine imekurembesha."

"Apana. Huyu ni mugonjwa? Hata mikono ya kubeba beseni hana."

Wazazi waliangua kicheko. Msichana aliinama, machozi yakadondokea viatu vyake.

Nikaibandua ya mashine, nikaitoa ya bluu kwenye daftari la mahudhurio, nikaibandika.

"Mkono mkubwa hivyo!" mkuu akaninong'oneza, meno yamebanwa. "Watasema hatufundishi."

"Waseme."

Neno moja tu, na lilikuwa limenichukua wiki mbili.

Mama alisogea, akaweka kiganja chake juu ya kile cha karatasi. "Ee. Huo ni wangu." Kisha akanyoosha mkono. "Na hiyo ingine nipe, karatasi yake iko na nguvu. Nitafungia ndagala."

Nilimpa, nikamgeukia binti yake kumwomba radhi. Hakuisubiri. Alikuwa anaitazama simu yangu.

"Na ile ya humo, futa."

Nikafuta. Alisimama pembeni yangu mpaka akahakikisha.