Kishona Nguo cha Bustani ya Sigi

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye bustani ya Sigi, Bwana Misitu, msimamizi wetu, alinikabidhi kopo la mbegu nyembamba, nyeusi, zenye miiba. Nikacheka mbele yake! Zilikuwa za kishona nguo, ambacho sisi Washambaa tunakiita mbwembwe, gugu nililoling'oa miaka yote nilipokuwa kibarua wa chai. Shamba lile la umma lilikuwa limebinafsishwa, wengi tukapunguzwa, na sasa eti nalipwa kupanda gugu lilelile.

"Vipepeo wanapenda maua yake kupita kiasi," alisema. "Watalii wameanza kuja. Wasipoona vipepeo, hapa panageuzwa maegesho ya magari, na mimi na wewe tunarudi nyumbani."

Vijana, msidhani ua la porini linajikuza lenyewe bustanini. Kishona nguo ni mmea wa msimu mmoja: huota, huchanua, humwaga mbegu, hufa. Nilizisia mbegu juujuu mvua ilipoanza, kisha nikapunguzia miche, yaani kung'oa iliyosongamana ili mingine ipumue. Jamani, nilivyoipenda miche ile!

Mwezi mmoja kabla ya watalii wa msimu ule kufika, nikakuta vichwa vyote vya miche vimekatwa. Mama Anna, mpishi wetu, alikuwa jikoni na kikapu kimejaa.

"Shikamoo, mama," nilisema. "Nani kaingia bustanini?"

"Marahaba, mwanangu. Mbwembwe changa vile iachwe izeeke? Nimewachumia mboga."

Nililia kwa hasira. Bwana Misitu alikuja, akaona, akashika kichwa. Mama Anna akatushangaa wote wawili.

"Wewe si umetoka kwenye chai? Mlipokuwa mnachuma, ilikufa?"

Tulikula ile mboga, nami nikiwaza nitawaambia nini wanangu.

Basi kila shina lililokatwa likachipua matawi pande zote! Wageni walipofika, maua yalikuwa yamefunika bustani nzima, na vipepeo, weupe, wa njano, wa buluu, wamejaa hadi mabegani mwa watu. Bwana Misitu alinikumbatia hadharani, mzee wa heshima zake.

Tangu hapo, kila msimu nilimwita Mama Anna achume kwanza. Nilistaafu palepale, bustani ikiwa bustani. Wanangu wote wamesoma kwa gugu lile, na nikimwona mtu anaking'oa kishona nguo, mpaka leo nampigia kelele.