Kaka yangu aliulizwa kama maisha yake bado ni mazuri (MND, Tabora)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Juzi kuna mdau aliuliza humu: hivi quality of life, yaani ubora wa maisha, ya mgonjwa wa motor neurone disease (MND) inapimwaje? Watu wakaleta utani, uzi ukafa.

Mimi sijapata raha tangu siku hiyo. Ninayoandika hapa si chai, niliyaona kwa macho yangu. Mimi ni bibi wa watu sasa, mnivumilie.

Kaka yangu Mrisho alikuwa fundi cherehani Tabora mjini, anashona barazani kwenye duka la Mhindi mmoja. Kanzu zake zilifuatwa hadi na watu wa Igunga. Ni miaka ile ya Ujamaa.

Ilianza na mkono wa kulia. Mkasi ukawa unamdondoka.

Baadaye mguu ukaanza kuburuta, ulimi ukawa mzito. Watu wakasema amekuwa mlevi. Mrisho, mtu asiyekosa swala!

Tulihangaika kwa waganga hadi Usinge. (Msinishambulie hapo, mngekuwa nyinyi mngeenda pia.)

Mwisho tukaenda hospitali. Daktari akasema neva zinazoendesha misuli zinakufa, na dawa hakuna. Kisha akaanza kumpima kwa maswali.

"Ndugu Mrisho, unaweza kutembea mwenyewe?"

"Siwezi."

"Kuvaa? Kula? Kwenda chooni?"

Siwezi, siwezi, siwezi.

Daktari akatugeukia sisi, akashusha sauti: "Hapa maisha hakuna tena. Kaeni naye tu nyumbani."

Wakuu, masikio ya kaka yangu yalikuwa mazima, na akili yake nzima. Alisikia kila neno.

Mkewe, wifi yangu Zuhura, akasema, "Daktari, umeuliza habari za viungo. Yeye mwenyewe hujamuuliza."

Daktari, nampa haki yake, akamwinamia: "Ndugu, wewe unayaonaje maisha yako?"

Mrisho akajikusanya. "Bado... mazuri."

Tulilia wote. Natamani ningeishia hapa.

Kazi ilipomshinda kabisa tukarudi shambani kwetu, upande wa Ulyankulu. Haukupita muda tukaambiwa tuhamie kijiji cha Ujamaa. Mrisho alipakiwa kwenye lori akiwa amelala juu ya godoro, katikati ya madebe na kuku.

Huko tulianza na kibanda cha nyasi. Asubuhi Zuhura aende shamba la pamoja, mimi nina kichanga mgongoni na maji yako mbali. Kuna saa Mrisho alibaki peke yake, inzi wanamtembea usoni, na mkono wa kuwafukuza hana.

Sauti nayo ikaondoka. Zuhura akabuni njia: akifumba macho ni ndiyo, akitazama pembeni ni hapana.

Kila asubuhi akishamwogesha alimuuliza, "Baba Hadija, leo maisha bado mazuri?"

Anafumba macho. Ndiyo. Zuhura anaondoka na jembe lake, roho imetulia.

Asubuhi moja akatazama pembeni.

Zuhura akadhani hakusikia, akarudia. Pembeni.

"Unaumwa?" Pembeni.

"Njaa? Upweke?" Pembeni.

"Ni mimi?"

Akafumba macho.

Zuhura akakaa chini. "Nimekukosea?" Hapana.

Zuhura akamsogelea: "Unanionea huruma?"

Akafumba macho na hakuyafumbua haraka. Machozi yakatoka humo humo.

Zuhura alikuwa amekonda, mgongo umemwisha kwa kumbeba. Sisi tulishamzoea hivyo. Mrisho ndiye aliyekuwa na kazi moja tu iliyobaki, kumtazama.

Tulimbembeleza. Majirani wakawa wanakuja kumbeba. Zuhura akawa anaingia ndani anacheka kwa nguvu. Mrisho hakudanganyika. Kila asubuhi, pembeni.

Ikafika siku Zuhura hakuuliza.

"Wifi, mbona siku hizi humuulizi?"

"Jibu nalijua. Na la kumfanyia sina."

Masika yalipokolea uji ukampalia, kifua hakikuwa na nguvu ya kukohoa. Zuhura ndiye aliyekuwa anamlisha. Aliniita, nilipofika yalikuwa yameshakwisha.

Msibani wanawake wakamwambia, "Mshukuru Mungu, amepumzika, na wewe umepumzika."

Akasema, "Kama amepumzika kwa ajili yangu, mimi sikumuomba."

Hakuolewa tena. Neno hilo hatukuwahi kulizungumza.

Mdau uliyeuliza, mimi vipimo vya wataalamu sivijui. Nilichojifunza ni kwamba ukipima mikono na miguu hujampima mtu, maana maisha ya kaka yangu yalikuwa mgongoni kwa mkewe. Muulizeni mgonjwa. Ila ukimuuliza ujue anaweza kukujibu hapana, ukawa huna la kumfanyia, na ukaishi na jibu hilo mpaka uzeeni.

Mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani, andika hapo chini mnaishije. Na anayemuuguza anaulizwa na nani? Nitasoma zote, hata kama sitakuwa na la kujibu.