Pamba Tuliyoisingizia

Juzi nilikuwa namkuna mjukuu wangu mgongoni kwa gunzi la mahindi. Akafumba macho yake ya njano kwa raha, nami nikamkumbuka mdogo wangu Kabula.

Naye macho yake yalikuwa ya njano, na alijikuna kutwa kucha. Nyumbani tuliilaumu pamba. Wakati wa mavuno ililundikwa chumbani hadi karibu na paa, na watoto tulilala juu yake, isipokuwa Kabula. Yeye alilazwa jikoni, kwenye moshi.

Mchana mmoja wakubwa walikuwa shamba la ujamaa. Kabula akaniambia, "Dada, mbona nawashwa hata bila pamba? Basi bora niruke humo kwenye pamba."

Nikamsukuma mwenyewe. Akazama kwenye lundo lililonukia jua na vumbi, akagaagaa, vijani vikavu vikimkwaruza, akicheka hadi kwikwi ikamshika. Niliamini nimegundua dawa.

Mama akatukuta humo. Nikangoja fimbo.

"Mayu, haikuwashi?" akamuuliza Kabula, akimwita "mama" kwa kilugha chetu, kama mama na binti wanavyoitana.

"Inanikuna, mayu!"

Mama alicheka, akajitupa na yeye kwenye pamba.

Daktari wa mjukuu ametueleza kwamba nyongo haitoki vizuri kwenye ini, inabaki mwilini na kumwasha. Ni ugonjwa adimu, wa kurithi kwa baba na mama. Pamba haikuwa na kosa lolote.

Kabula alishalijua hilo. Tangu siku ile alilala katikati yetu, juu ya pamba, nasi tukagombania zamu ya kumkuna.