Picha Zilizofunguliwa Kila Asubuhi

Ukimuuliza mama yake kazi anayofanya kijana wake, atakwambia anawawekea watu mali zao mawinguni, na mvua ikinyesha yeye hajui inakuwaje. Ndiyo maana mtaani wakambandika jina la Mawingu, likamganda. Kwa kweli kazi yake ni ushauri. Ofisi na maduka humwita awaonyeshe namna ya kuhifadhi data zao kwenye kompyuta za mbali kupitia intaneti, na namna ya kuwazuia wezi wasiingie. Huongea haraka, huchora mishale ubaoni, na watu huitikia kwa vichwa. Maskini Mawingu, alidhani kila anayeitikia ameelewa.

Sasa, shangazi yake ana studio ya picha. Chumba cha mbele kina pazia la buluu, kigoda na taa mbili. Cha nyuma kina kompyuta ya Brashi, fundi wa kusafisha picha, anayeweza kukufuta chunusi na uchovu wote ukatoka bwana harusi. Brashi na Mawingu wamekua pamoja na wamekula sahani moja. Mawingu ndiye aliyezihamishia picha zote za studio kwenye hifadhi ya mbali, hata zile za zamani za shangazi. Akatoa maelezo yake mbiombio, akaondoka kifua mbele.

Safari hii, mwaka ukielekea kutimia, aliitwa tena kwa sababu kampuni ya hifadhi ilikuwa imeandika kwamba matumizi ya studio yamepanda kupita kiasi. Mawingu akafungua kumbukumbu za mfumo, zile zinazoonyesha nani kaingia na kafanya nini, akabaki ametoa macho. Kila asubuhi, kabla studio haijafunguliwa, mtu alikuwa akifungua picha za zamani, moja baada ya nyingine, mamia kwa mamia. Hakubadilisha kitu wala hakutuma picha popote. Kesho yake alianzia pale alipoishia.

Mwizi gani huyu? Mwizi angezibeba zote kwa mkupuo akaenda zake. Au ni mshindani wa biashara? Anazitakia nini picha za pasipoti za watu waliokwisha kuzeeka? Mawingu akaongeza kufuli za nje, akabadilisha funguo za mfumo, akasubiri. Asubuhi picha zikafunguliwa vilevile, kana kwamba yeye hayupo. Chai ikamshinda, chakula kikamshinda. Na kilichomvuruga zaidi ni jina la aliyekuwa akiingia, maana lilikuwa la Brashi.

Akamfuata chumba cha nyuma. "Brashi, unafanya nini na zile picha za zamani asubuhi?"

"Picha zipi? Asubuhi mimi niko kwangu, nagombana na mswaki."

"Jina ni lako. Mashine haisemi uongo."

Brashi akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Kaka, hapo unaniuliza au umeshanihukumu?"

Mawingu mwenyewe hakujua. Siku hiyohiyo akaifunga akaunti ya Brashi. Akamwita shangazi pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba bora fundi huyu atafutiwe mbadala. Shangazi alishika kiuno, akashika kichwa, akasema haiwezekani, lakini angembishia vipi mtaalamu? Brashi akachukua miwani yake na koti lake. "Haya Mama, tutaonana," akamwambia shangazi, akatoka.

Asubuhi iliyofuata haikufunguliwa picha hata moja. Ushahidi ndio huo, mtu atake nini tena? Lakini Mawingu hakufurahi. Alikaa kitandani na kompyuta mapajani, moyo mzito, na kabla hajajua kwa nini, simu ikaita.

"Mwanangu, njoo upesi!" Shangazi alikuwa karibu kulia. "Kompyuta ya Brashi imenikatalia! Picha zangu zitafutwa!"

"Zifutwe na nani, Shangazi?"

"Si ulisema mwenyewe? Picha isiyofunguliwa mwaka mzima inajifuta. Basi mimi kila asubuhi natangulia, nazifungua kidogokidogo, zionekane zinatumika. Brashi huiacha mashine yake wazi, nami hayo maneno yenu ya siri siyawezi."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini, na sheria umeweka wewe? Nilijua ndivyo kazi yenyewe ilivyo."

Kweli alikuwa ameiweka. Aliona picha kuukuu zinajaza nafasi bure, akaiamuru hifadhi izifute zikikaa sana bila kuguswa, na shangazi akaitikia kwa kichwa. Alitaka kucheka, alitaka kulia, akajikuta anatafuta viatu ambavyo tayari alikuwa amevivaa.

Alimkuta Brashi nyumbani kwake anapiga pasi shati la kwendea kuomba kazi kwingine. Mawingu akayamwaga yote pale mlangoni, haraka kama kawaida yake, mpaka pumzi zikamwishia. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilichanganyikiwa. Niliona jina lako."

"Jina langu uliliona," Brashi akasema, bila kuinua macho. "Na mimi je, hukuwa unanijua?"

Brashi akageuza shati, akanyoosha kola, akaligeuza tena.

"Mama amezifungua leo?"

"Hakuweza. Akaunti nimeifunga."

"Na hiyo sheria yako ya kufuta, umeiondoa?"

Mawingu alikuwa amekimbilia kuomba msamaha, na sheria hakuigusa. Ilikuwa bado inaendelea na kazi yake huko iliko, kama alivyoiagiza.

Brashi akachomoa pasi ukutani, akavaa shati likiwa bado lina joto.

"Twende," akasema. "Kuna watu mle walishakufa, na picha yao ni hiyo moja tu."

Akatangulia kutoka, wala hakumsubiri.