Kilomita za Abiria Mmoja

Gari la Babu Breki lilikamatwa mchana kweupe, kwenye kituo ambacho basi halijafika kwa miaka mitatu. Kosa lake lilikuwa kusimama. Kiti cha mbele alikuwapo mkewe, ametoka hospitali kusafishwa damu kwa mashine, bandeji bado imemkaza mkononi. Kiti cha nyuma alikuwapo mfagizi mmoja wa wodi, mama wa makamo aliyepewa lifti kwenye geti la hospitali. Mama huyo alipofungua mlango ashuke, askari wawili wa barabarani wakajitokeza.

"Mzee, unabeba abiria bila kibali."

"Sijamtoza kitu, mwanangu. Muulize mwenyewe."

Walimuuliza. Mfagizi akaapa kwamba hakutoa hata senti. Askari wakapekua mpaka chini ya mazulia ya gari wakitafuta nauli, wasiione, kisha wakachukua ufunguo hivyo hivyo. Mgonjwa akateremshwa na kuachwa kando ya barabara juani, akiwa ameegemea nguzo yenye kibao cha kituo. Mimi ni jirani yao. Nilipofika kuwachukua, nilimkuta Babu Breki amemkingia mkewe jua kwa koti lake alilolishikilia juu kwa mikono miwili, na bado anamwomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyemkosea.

Watu waliolinyakua gari hilo hawakujua ni mguu wa nani uliokanyaga breki pale. Kwa muda wote wa utu uzima wake mzee huyu aliendesha basi Namba Tisa, lile lililotoka mtaani kwetu, likapita barabara ya pembezoni na kuishia mlangoni pa hospitali kuu. Jina la Breki alipewa na abiria. Alisimamisha basi kwa ulaini kiasi kwamba aliyesinzia aliendelea kusinzia, na aliyeshika kikombe cha chai hakumwagikiwa.

Mkewe alikuwa fundi wa sare za shule. Kila asubuhi alipandia kituo cha tatu akiwa na furushi la vitambaa kubwa kuliko yeye, na dereva hakuondoa basi mpaka fundi na furushi lake wawe wamekaa. Abiria walichukia.

"Dereva, tunamngoja malkia?"

"Tunamngoja fundi. Asipofika kazini, watoto wenu mtawavika magazeti?"

Ndivyo walivyooana. Mpaka leo yeye humwita mumewe Dereva, naye huitwa Abiria. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo Abiria hulisema kila mara, nusu mzaha na nusu kweli: katika miaka yote ile hawakuwahi kukaa pamoja ndani ya basi. Mume alikuwa kwenye usukani, mke kwenye kiti cha kwanza nyuma yake. "Shingo ya mwanamume huyu naijua kuliko uso wake," hutuambia. "Ikinyolewa vibaya, mimi ndiye wa kwanza kugundua."

Babu Breki alipostaafu, halmashauri ilianza kulinyonga Namba Tisa taratibu. Kwanza likawa linapita kwa kuchelewa. Baadaye likapita asubuhi na jioni tu. Mwishowe tukabandikiwa tangazo kwamba limeondolewa kwa sababu abiria wamepungua. Ni nani asiyepungua kwa kungojeshwa kutwa? Mwaka huo huo figo za Abiria ziligoma, na daktari akaamuru afike kwenye mashine mara tatu kila juma, bila kukosa. Mzee akachukua kiinua mgongo chake akanunua gari dogo kuukuu, rangi ya majivu, ambalo dirisha lake moja hupandishwa kwa koleo.

Tulimcheka sana. Huyu ndiye aliyekuwa akituhubiria kwamba gari dogo ni uchoyo wenye matairi.

"Mzee, na wewe umeingia kwenye uchoyo?"

"Nimeingia," alijibu. "Lakini nimeingia na mke wangu."

Gari akaliendesha kama basi. Hakuweza vinginevyo. Kila alipokaribia kituo cha zamani aliwasha taa ya pembeni, akasogea, akasimama, akatazama kioo, akavuta pumzi, ndipo akaondoka. Vituo vyote vya Namba Tisa, kwenda na kurudi.

"Dereva, hapa hakuna anayeshuka," Abiria alikuwa akimwambia.

"Na anayepanda?"

Mara nyingi palikuwa na anayepanda: mfagizi, mwanafunzi, bibi mwenye miadi ya kliniki. Wote walikuwa wamesimama pale kwa mazoea, kwa sababu kibao bado kipo na hakuna aliyejali kukiondoa. Mzee aliwapakia. Katika mji ambao wenye dhamana ya usafiri wamelikimbia jukumu lao, hilo ndilo lililoitwa kosa.

Gari likiwa bado linazuiliwa, tulikwenda kaunta ya halmashauri kuomba walau litolewe kwa siku za matibabu. Karani hakuinua hata kichwa. "Si kuna usafiri wa umma? Tumieni."

Tukautumia. Niliwasindikiza, na ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu. Kutoka kwetu sasa lazima upande basi hadi katikati ya mji, kisha ubadilishe. Lile la kwanza, nakiri, lilikuwa zuri. Walipata viti viwili vya pamoja, mke dirishani. Babu Breki aliushika mkono wake usio na bandeji akautazama kama mtu aliyekabidhiwa kitu kwa mara ya kwanza. Basi lilipokaribia kituo, mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu. Kituo kilichofuata, tena. Mkewe akavua kandambili akaweka unyayo wake juu ya kiatu cha mumewe.

"Tulia. Leo na wewe ni abiria."

"Huyu kijana anafunga breki kama anaua nyoka."

"Muache. Nitazame mimi."

Akamtazama. Baada ya vituo viwili Abiria alikuwa amelala begani pake, mdomo wazi kidogo, na mzee amekaa wima kama nguzo, hathubutu hata kukohoa.

Katikati ya mji ndipo tulipoumbuka. Basi la pili husimama ng'ambo ya barabara pana, na kuvuka ni kwa daraja la ngazi. Tulipanda ngazi tukipumzika njiani, tukafika hospitali tumechelewa. Mashine haimngoji mtu. Nyuma ya Abiria kulikuwa na mgonjwa mwingine mwenye zamu yake. Abiria akasafishwa kwa muda pungufu. Wakati wa kurudi, ameishiwa nguvu kama nguo iliyokamuliwa, alikaa chini kwenye ukingo wa barabara kwa sababu kituoni hapakuwa na benchi. Fundi aliyewashonea sare watoto wa mji huu akakaa mavumbini, watu wakimruka. Kesho yake miguu ilikuwa imevimba.

Nilimuuliza kama basi lingeweza kuchukua nafasi ya gari. Alifikiri kabla ya kujibu.

"La kwanza ningelipanda mpaka kaburini. La pili ndilo linalonipeleka huko."

Kikao cha kusikiliza shauri kilifanyika katika ofisi ya usafiri ya halmashauri. Afisa aliyekiongoza alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu, na alishika karatasi ya ukaguzi wa gari.

"Mzee, gari hili limetembea zaidi ya kilomita elfu kumi na mbili kwa mwaka mmoja. Wewe ni mstaafu. Huendi kazini. Mstaafu anakwenda wapi kilomita zote hizo, kama si kubeba watu?"

Babu Breki aliyamudu mabasi yaliyojaa, lakini mbele ya meza ya ofisi alimgeukia mkewe. Alizungusha kofia yake mikononi. Mkewe ndiye aliyesimama. Akaondoa mtandio akaweka mkono wake mezani, ule wenye mshipa uliovimba kama kamba kwa kuchomwa sindano.

"Hizo kilomita ni zangu," alisema. "Zote."

"Mama, ninachouliza ni—"

"Kasoro za sokoni. Na sokoni anakwenda kunitafutia chakula kisicho na chumvi. Kwa hiyo hizo nazo ni zangu."

Watu wakacheka, hata afisa alitabasamu, akaweka kalamu chini. Kisha akasema kwa upole neno ambalo mpaka leo linanichoma. Alisema anamhurumia, ila takwimu za ukaguzi zinaonesha kwamba magari ya mtaa wetu yanatembea sana, na ndiyo sababu ofisi inaona mtaa huo hauhitaji basi.

"Mwanangu," Abiria akamjibu, "basi liliondoka kwanza. Sisi tulifuata."

Hakuna aliyeandika jibu hilo. Gari lilirudishwa pamoja na onyo: asipakie mtu yeyote zaidi ya mgonjwa wake.

"Na nikisimama tu kituoni, bila kupakia?" mzee aliuliza.

"Usisimame."

Sasa anavipita vituo. Watu humpungia mkono, naye hugeuza uso upande wa pili. Mkewe anasema kumwona akifanya hivyo kunamuuma kuliko sindano.

Na hata kuvipita kunakaribia kikomo. Presha ya macho inayala macho ya Babu Breki kuanzia pembeni. Daktari amemruhusu aendeshe mchana mpaka leseni yake itakapokwisha, mwishoni mwa mwaka huu, na amemwambia wazi kwamba haitahuishwa. Mzee hakubisha. "Sitamwendesha abiria wangu kwa macho ya kukisia," alisema. Mtoto wao yuko mbali. Mimi sina gari. Teksi za mara tatu kwa juma mzee hazimudu. Baada ya siku hiyo kitabaki kile kituo kisicho na benchi, na zile ngazi, na mashine isiyongoja.

Juzi niliwakuta barazani. Mzee alikuwa akifuta vioo vya gari, vyote, hata kile cha koleo.

"Siku Namba Tisa likirudi," aliniambia, "ufunguo nauacha mezani asubuhi hiyo hiyo. Nataka kukaa kando yake."

"Dirishani nakaa mimi," mkewe akadakia.

"Nani amekukataza dirisha, mwanamke? Mimi nataka bega tu."

Nyinyi wa kamati ya usafiri ya halmashauri, haya nawaandikia nyinyi. Mlisoma kilomita za mzee huyu mkaziita ushahidi kwamba watu hawataki basi. Zisomeni upya: kila moja ni safari ya basi mliyomnyima mkewe. Lirudisheni Namba Tisa katika njia yake ile ile, kutoka mtaani kwetu hadi mlangoni pa hospitali, lipite kwa saa zinazoaminika, na wekeni benchi katika kila kituo ambacho kibao chenu kingali kinawadanganya watu. Futeni onyo mlilompa. Na msitujibu kwamba suala linafanyiwa kazi. Tunataka tarehe, nayo itangulie ile iliyoandikwa kwenye leseni ya Babu Breki.