Kaseti ya "Treni ya Likasi"

Plastiki ikipata joto hutoa harufu fulani tamu, ya kuchefua kidogo. Juzi niliacha redio ya zamani dirishani, jua likaipiga, na harufu ile ikanirudisha sebuleni kwetu Koekelberg, huku Ulaya, miaka ya tisini, nikiwa na miaka tisa.

Papa aliwahi kupiga gitaa katika bendi ya roki ya Lubumbashi, Les Fourneaux, vijana wa nywele za timtim na suruali za kubana ambao, kwa maelezo yake, walikata umeme wa mtaa mzima kila walipowasha spika. Wimbo wao mmoja ulivuma sana: "Treni ya Likasi", wa msichana aliyepanda treni bila kuaga. Papa alisema aliutunga yeye. Tonton Gaspard, mjomba wa kuitwa tu, mwimbaji wa bendi na rafiki yake wa kufa na kuzikana, naye alisema ni wake. Kila mmoja aliapa kwamba msichana yule alimkimbia yeye, na maman alisema hajawahi kuona wanaume wakigombea kuachwa.

Ulikuwa utani wa kila Jumapili, hadi mwenye duka moja la muziki kwenye barabara ya Chaussée d'Ixelles alipotaka kuutoa wimbo upya kwenye CD, akauliza jina la mtunzi. Utani ukaisha. Tonton akaacha kuja kula kwetu. Papa akasema ushahidi anao: kaseti ya mazoezi ya siku wimbo ulipozaliwa, aliyokuwa hajaisikiliza tangu tufike Ulaya. Akamwita tonton Jumapili waisikilize pamoja, na atakayeumbuka aombe msamaha.

Siku tatu kabla, mtu wa kanisani alikuwa akijiandaa kwenda Lubumbashi. Sisi hatukuandika barua siku hizo. Tulijirekodi kwenye kaseti tukampa msafiri. Maman aliniita jikoni, akaweka kaseti kwenye redio, akaniambia nimsalimie bibi, nimwimbie nyimbo za shule, nijaze pande zote mbili. Nilipomaliza, hakuitia kwenye bahasha ya msafiri. Aliirudisha kwenye droo ya papa. Hapo ndipo nilipoona mwandiko wa papa kwenye kasha. Maman alinitazama, akaifunga droo.

Jumapili tonton alikuja na tai, kama mtu aliyeitwa mahakamani. Hawakupeana mikono. Papa akabonyeza, na badala ya magitaa ikasikika sauti yangu ikimwuliza bibi kama kuku wake hawajambo. Akapeleka mbele, ninaimba. Akageuza upande, ninahesabu kwa Kifaransa.

Papa akaitoa kaseti. Zamani alikuwa amevunja vile vipande viwili vya juu ili isirekodiwe tena, na sasa matundu yalikuwa yamezibwa kwa selotepu iliyokatwa vizuri kwa mkasi.

"Nani alikupatia hii kaseti?" aliniuliza, sauti chini.

Nilimtazama maman. Alikuwa ameshika sinia, hakupepesa macho.

"Nilikamata mimi mwenyewe, papa."

Aliitazama selotepu ile kwa muda mrefu. Mtoto wa miaka tisa angejuaje siri ya matundu? Hakuuliza tena. Alinyanyua mkono anipige, lakini tonton akamshika.

"Acha, ni mutoto," alisema. "Bon, tuandike tu majina yetu yote mbili."

Wakala pamoja siku ile, na CD ikatoka na majina mawili.

Nawaambieni, kwa miaka mingi nilijiona shujaa, nimemwokoa maman. Yeye mwenyewe alinieleza ukweli baada ya kumzika papa. Siku ya mazoezi alikuwepo. Kwenye kaseti ile tonton alisikika akimfundisha papa wimbo, mstari kwa mstari, na papa akikosea. Papa alikuwa amesahau. Aliamini kwa moyo wote kwamba ni wake. Ulaya ilikuwa imemfanya msafisha ofisi za mtaa wa stesheni, Gare du Nord, na maman hakuweza kuvumilia kumwona akipokonywa hata wimbo. Namwelewa, ingawa bado nina hasira naye.

Tonton alikufa na nusu ya kitu kilichokuwa chake chote. Watoto wake huniita dada. Wimbo ule ukipigwa kwenye arusi, husimama na kuwaambia wageni kwa fahari kwamba baba yao alisaidia kuutunga, nami hupiga makofi pamoja na wengine.