Vanishi Juu, Mchwa Chini

Nakumbuka alasiri moja hapa Garissa, mwanangu, kaka yangu Yusuf alipotoka dukani na kopo la vanishi, akilibeba kama zawadi ya arusi. Mimi nilikuwa msichana bado. Leo nimezeeka, na kila nikipita duka la rangi nageuza uso.

Kopo lile lilikuwa la benchi la baba yetu. Aabo, ndivyo tulivyomwita, alikuwa dereva wa lori la mifugo, akileta mbuzi na ng'ombe kutoka Elwak hadi soko letu. Lori lilipomfia alichukua mbao za bodi yake, akaunda benchi na kuliweka nje ya geti. Kisha macho nayo yakamwishia. Kila siku baada ya sala ya alasiri tulimtoa nje, akaketi, wazee wenzake wakaja na habari za mvua, za malisho na za bei ya ngamia. Ndani ya nyumba alikuwa kipofu wa kushikwa mkono. Pale benchini watu bado walimwomba shauri.

Jua la kwetu unalijua, halimwonei huruma mtu, sembuse ubao. Benchi lilipauka, likapasuka, miguu ikaoza. Yusuf, Mungu amrehemu, alikuwa kijana mwenye moyo. Aliliinua benchi juu ya mawe bila kuligeuza, akaiondoa miguu mibovu, akaweka mipya ya mbao laini, akapiga msasa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ikabaki kuchagua cha kupaka.

Mwenye duka alimuuliza kwa Kiswahili chetu cha Garissa, p ikigeuka b, "Hii benchi inakaa nje ama ndani? Kama ni nje, anza na dawa ya mchwa, sana sana chini ya miguu. Halafu bata mafuta ya mbao, ile inaingia ndani."

"Mimi nataka fanishi ile inang'ara," Yusuf akasema. "Wageni wa Idi wako njiani, wallahi."

Akapaka, akarudia, akapaka tena. Chini ya miguu hakupaka kitu, na si kwa uvivu. Nyumbani kwetu kiti cha mzee hakikupinduliwa angali hai. Kilipinduliwa siku ya kumzika, asikikalie mtu mpaka msiba upite. Kukipindua mapema ni kumwita Izraili aje, ndivyo tulivyolelewa. Yusuf alimpenda Aabo mno, hakuthubutu kuligeuza benchi lile miguu juu.

Idi ikafika, kila mgeni akalisifu. Aabo alipitisha kiganja juu yake, polepole, akasema, "Linateleza. Siibati mbao yangu." Tukacheka. Nyumba njema si mlango, mwanangu, lakini nani hukumbuka methali siku ya sikukuu?

Mvua zikaja, zikaenda. Vanishi ikaanza kubanduka kidogo kidogo kwenye viti vya majirani, ila benchi letu liling'aa bado, maana Yusuf alilipangusa kila siku. Jioni moja Aabo aliinamisha sikio.

"Yusuf, kuna kitu inasagika huku ndani."

"Ni ubebo tu, Aabo. Benchi iko sawa kabisa, si unaona..." Akajiuma ulimi.

Haukupita muda mrefu. Wazee walikuwa wanacheka jambo, sijui jambo gani, mguu mmoja ukakatika na Aabo akaenda chini. Ndani ya ule mguu mlikuwa na udongo mtupu. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka ardhini, wakala mbao yote, wakaacha ngozi ya vanishi iking'aa. Nyonga ya Aabo ilivunjika, na hakutembea tena.

Dada yake, Eeddo Halima, alikuja siku ile ile. Alilipindua benchi kwa mguu wake mbele yetu sote.

"Mliogoba kubindua benchi," akasema, "sasa mmembindua mwenyewe. Heshima gani hii, haiinami kuangalia chini?"

 

Aabo alilala ndani, kila alasiri akiuliza, "Wamekuja?" Mwanzoni wazee walikuja. Halafu wakaja wachache, halafu tukawa tunamdanganya kwamba wako msikitini. Tulimletea kiti cha plastiki tumtoe nje. Akakipapasa miguu yote, akasema, "Rudisheni." Alikufa akiutazama ukuta asiouona. Yusuf hakukalia kiti tena maishani mwake, alikaa chini, mkekani, hata arusini kwake.

Ningependa kukwambia kwamba watu walijifunza. Hawakujifunza. Napita mitaani naona mabenchi yamekarabatiwa yanametameta, na sioni hata mmoja anayeinama. Sijui kwa nini naendelea kusema. Majuto ni mjukuu, na mimi nimemlea huyo mjukuu mpaka nimechoka naye.

Hata hivyo sikia. Ukitengeneza kiti cha nje, usiulize kwanza kitapendeza vipi, uliza kitaishi wapi. Ngoja mbao ikauke. Anza na miguu, kule chini kabisa kusikoonekana, dawa ya mchwa iingie, kisha uiweke miguu juu ya jiwe, isiguse udongo. Chagua mafuta yanayonywewa na mbao, urudie kila mara kabla ya mvua, maana jua letu litayala. Mng'aro ukiutaka, uwe wa mwisho.

Na mila ikikuzuia, nenda kwa mzee mwenyewe ukamuulize. Aabo alikuwa dereva. Kila asubuhi ya maisha yake alilala chali chini ya lori kulikagua kabla ya kuliwasha. Tungemuuliza angecheka, angesema, "Libindueni hilo benchi, mnaogoba nini?" Hakuna aliyemuuliza. Tulimheshimu mno.

Mungu akuzeeshe, mwanangu. Na siku macho yako yakizimika, akupe watoto wasioona haya kukuuliza, na mahali pa kukaa pasipokuangusha. Amin.